Viganja vya Fundi Laini

Gereji nzima ilimwita Fundi Laini, maana gari likipita mikononi mwake lilitulia barabarani kama mtu aliyeshiba. Kazi yake ilikuwa shokapu za kurekebishwa, vyuma vya kumeza mtikisiko vyenye kitufe cha kuzungusha. Ukilegeza, gari linalala kwenye kona na usukani unachelewa kuitika. Ukikaza, usukani unatii haraka, lakini ukipitiliza, tairi zinarukaruka kwenye mashimo na gari linakataa kukata kona. Katikati ndipo penye kazi, na hapo Fundi Laini alipapata kwa viganja tu, akizunguka na gari barabara ya nyuma.

Mwaka huu viganja vikaanza kufa ganzi. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Kila gari aliloshika aliliona limelegea, basi akakaza. Akizunguka, usukani bado kimya, akakaza tena. Wateja wakawa wanarudi wamenuna.

"Fundi, umenipa gari au mbuzi?" aliuliza mama mmoja dereva wa teksi.

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, roho ikimuuma, akasingizia ubovu wa barabara.

Mama yule aliporudi mara ya pili, mwenye gereji hakucheka. Alikuwa shemeji yake Fundi Laini, kaka wa mkewe, fundi wa injini.

"Twende wote, shem. Endesha wewe."

Kwenye kona yenye mashimo, Fundi Laini aliona kwa macho pua ya gari ikielekea ukutani. Mikono haikuwa imemwambia lolote. Shemeji akadaka usukani, wakasimama wamebakiza upana wa kiganja.

"Hukusikia linavyoteleza?"

"Nilisikia."

"Unaniongopea, shem. Mikono ina nini?"

Hapo akasema yote. Ilimwia vigumu, kwa kuwa nje ya kazi hii hakujiona kuwa mtu wa maana popote. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, akaendesha yeye kurudi gereji, akafungua boneti na kushika kitufe cha shokapu.

"Basi mikono itakuwa yangu, wewe utanielekeza. Nilegeze kiasi gani?"

Fundi Laini akakitazama kitufe. Miaka yote mikono ndiyo iliyoijua kazi, kichwa hakikuwahi kuulizwa.

"Sijui, shem," alisema, akajifuta machozi kwa kiganja kisichosikia hata kwamba kimelowa.