Isale kwa Afisa

Kijijini kwetu mimi ni kijana. Nina mvi, nina kitambi, nina miwani ya kusomea na nyingine ya kuendeshea gari, na goti langu la kushoto hunitabiria mvua mapema kuliko redio. Hata hivyo, kila nikipanda kutoka Pasua, mjini Moshi, ninakoishi, kwenda mlimani kumwona mama, jirani yeyote anayeniona ananiita: "Afadhali kijana umefika! Hebu njoo upande batini, kuna bati limechomoka." Nami napanda, kwa sababu walio chini ni wazee kunizidi. Kanisani tunayo Kwaya ya Vijana ambayo besi yake yote huimbwa na mababu. Hawajabadilisha jina la kwaya. Wanasema hawajapata wa kumkabidhi.

Zamani jambo hilo lilinichekesha. Lilikoma kunichekesha mwaka ule waliposema shule itafungwa.

Shule yenyewe ni ya msingi, iko chini kidogo ya kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ng'ambo ya mfereji. Niliposoma mimi tulikuwa tunakaa wanne kwenye dawati na wa mwisho aliandika akiwa ananing'inia nusu. Sasa darasa la kwanza zima lingeenea kwenye madawati mawili, na mwalimu alikuwa haiti majina asubuhi, anatupa jicho tu. Watu wa halmashauri wakasema walimu wahamishwe wanakohitajika, na watoto waliobaki wahamie shule ya kijiji cha pili. Kwenye ramani kijiji hicho ni jirani. Katikati kuna korongo, lakini ramani huwa hainyeshewi.

Kilichonihusu mimi hakikuwa elimu, ingawa ningependa kusema hivyo maana mimi ni mtu wa kuandika makala kuhusu elimu. Kilichonihusu ni jirani wa mama. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, mumewe anafanya biashara ya maharage Tarakea na hurudi mwisho wa wiki, na ana watoto wawili katika shule ile na mwingine mchanga mgongoni. Katika njia yetu nzima, kuanzia barabara kuu hadi msituni, yake ndiyo nyumba pekee yenye nepi kwenye kamba. Nyingine ni za wazee, au ni yale majumba ya ghorofa yenye vigae na mageti ya umeme, yanayofunguliwa Desemba, yakapigwa deki, yakajaa nyama na muziki, yakafungwa tena Januari. Vidole vya mama vimekakamaa, havishiki tena chuchu ya ng'ombe. Jirani huyu ndiye aliyekuwa akimkamulia alfajiri na jioni, akimkatia majani, na akichungulia kama moshi umetoka jikoni. Asipouona moshi, anaingia bila hodi.

Naye alimwambia mama waziwazi, nikiwa nimekaa hapohapo nakunywa mtori:

"Bibi, shule ikifungwa mimi naondoka. Siwezi kumtuma mtoto wa darasa la kwanza avuke korongo lile masika. Nitakwenda mjini kwa dada yangu, Rau."

"Na mimi?" mama akauliza.

"Bibi, usiniulize hivyo."

Mama hakumuuliza tena. Alinigeukia mimi, msomi wa familia, akanitaka nifanye kitu.

Nikafanya wanachofanya wasomi: nikasubiri mkutano. Uliitishwa Desemba, maana mikutano yetu yote ya maana hufanyika Desemba, wenye majumba wakiwapo. Uwanja wa shule ukajaa magari kuliko watoto waliowahi kusoma pale. Nikasimama, nikazungumza. Nilieleza kwamba nimesoma habari za nchi tajiri ambazo karibu watu wote wameshahamia mijini, vijiji vimebaki na vikongwe, na shule zimegeuzwa nyumba za kulelea wazee. Nikasema nilipokuwa nasoma hayo niliwasikitikia kama mtu anayesikitikia baridi ya wenzake, kwamba sisi hatutafika huko, sisi ni nchi ya vijana. Nikauliza vijana wenyewe wako wapi. Nilipiga makofi ya kimoyomoyo kwa hotuba yangu. Wengine hawakupiga.

Bwana mmoja wa kutoka Dar, mwenye kofia ya mchezo fulani asioucheza, akanijibu kwa upole unaoudhi: "Mangi, tuwe wakweli. Nani anazaa huku siku hizi?"

Mama akadakia kutoka kwenye benchi la akina mama: "Na nyie mmezalia wapi?"

"Dar, mama."

"Basi waleteni wasome."

Watu wakacheka sana, yule bwana naye akacheka, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia utani mzuri. Haukuwa utani. Baada ya hapo walijadiliana muda mrefu, wakakubaliana kwamba ikiwa shule itafungwa basi majengo yasiachwe yaoze: yafanywe ukumbi wa misiba, na uwanja uwe maegesho. Hoja ilipita kwa kunyoosha mikono. Naomba lieleweke hili. Watu wanaoishi kwingine, wanaozaa kwingine na kusomesha kwingine walikaa kwenye kivuli cha shule iliyowafundisha kusoma, wakapanga mahali pa kuegesha magari siku watakapokuja kutuzika au kuzikwa. Maana kuzikwa wanarudi. Kwa hilo hawajawahi kutuangusha.

Nilitaka kuandika makala kali. Mama akasema makala hazili majani, wala hazifungui shule. Yeye na wenzake wawili walikuwa na njia yao: watapeleka isale.

Kwa asiyetoka huku, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu, hata kosa la kumwaga damu, unachuma isale, unalifunga fundo, unakwenda nalo kwake. Akilipokea ameshakusamehe, na hatakiwi kulikataa. Baba yangu aliwahi kukaa na kaka yake miaka bila salamu, halafu likaja isale, na jioni hiyohiyo wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja.

Nikawapinga. Tulikuwa jikoni, wale wazee watatu wakimenya ndizi, mimi nikipaaza sauti kama niko darasani.

"Isale ni la mkosaji! Nyie mmekosa nini? Wanaotakiwa kubeba masale ni hawa wenye mageti ya umeme!"

"Hao wako Dar," mama akasema. "Mwenye shule yuko Moshi."

"Lakini mtamwambia mmekosa nini?"

Wakatazamana. Yule mkubwa kuliko wote, asiye na jino hata moja mbele, ndiye aliyejibu: "Tutamwambia tumezeeka."

Wakacheka mpaka ndizi zikaanguka. Mimi nilitoka nje. Hadi leo, nikikumbuka jibu lile, damu inanichemka. Watu waliolima kahawa iliyotusomesha, waliochimba msingi wa shule ile kwa majembe yao, wanatafuta maneno ya kuombea radhi kwa sababu hawakufa mapema au hawakuzaa vya kutosha. Na walikuwa wamezaa! Tumezaliwa saba kwetu. Tuko wapi?

Niliwapeleka kwa gari langu, wamevaa nguo za kanisani. Afisa aliyekuwa anashughulikia habari za shule alikuwa kijana wa kweli, si kijana kama mimi. Kwao ni mbali, upande wa ziwa, na hakuwa na muda mrefu Kilimanjaro. Alisimama alipoona wazee, akawaamkia mmoja mmoja, akawatafutia viti mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na hilo lilinivuruga.

"Baba," mama akasema, "sisi ni wakosaji."

"Mmekosa nini tena, mama zangu?"

"Tumezeeka."

Akacheka kwa adabu, akidhani ni mwanzo wa mazungumzo. Mama akatoa isale chini ya khanga, kichwa kizima chenye majani, fundo limefungwa vizuri, akamnyooshea kwa mikono miwili. Naye akalipokea kwa mikono miwili.

"Jamani, asanteni sana! Ua zuri hili. Nitaliweka hapa dirishani."

Mlangoni alisimama katibu muhtasi wake, binti wa mlimani kama sisi. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Nilifungua kinywa nieleze, mama akanikanyaga mguu.

"Amepokea," akasema kwa Kichagga, akainuka, wenzake wakainuka, wakaaga.

Njia nzima ya kurudi waliimba, na mimi nikaendesha nikinung'unika kwamba mtu hawezi kukubali asichokijua. Yule asiye na meno akaniambia nitazame barabara. Jirani alipoambiwa alifurahi mpaka akamkamua ng'ombe huku naye akiimba. Nilimwonea wivu. Katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyesoma kiasi cha kutosha kukosa matumaini.

Shule ikafungwa. Mwalimu mkuu aliwaambia wazazi kwa mdomo, uwanjani, na mama alizipata habari kutoka kwa jirani aliyekuja kukamua akiwa kimya. Asubuhi yake mama akanipigia simu nipande. Nilimkuta kavaa viatu vya kanisani tena, safari hii yuko peke yake.

"Nipeleke kwa yule kijana."

"Ukamwambie nini, mama? Imeshaamuliwa."

"Nakwenda kuchukua isale langu."

Nilikuwa na hakika limeshatupwa na wafagiaji. Halikutupwa. Lilikuwa dirishani, ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo, na kwa chini lilikuwa limetoa mizizi myeupe. Afisa alimwonyesha mama kwa fahari. Mama akakaa, akasema alilojia. Kijana wa watu akaduwaa. Katibu muhtasi ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya chini, akiinamia meza, isale ni nini na mtu akilipokea amefanya nini. Niliona uso wa afisa ukibadilika.

"Kumbe? Mama, si mngeniambia!"

"Ulisema asante," mama akamjibu.

Akaanza kueleza, na hakueleza vibaya. Alisema uamuzi si wake peke yake. Alisema mjini kuna madarasa ambayo watoto wamekaa sakafuni hadi mlangoni, mwalimu hana pa kukanyaga, na huku juu mwalimu mzima anafundisha madawati mawili. "Ungekuwa wewe, mama, ungefanyaje?" Nilitafuta hasira yangu, ambayo nilikuwa nimekuja nayo ikiwa kamili, nikakosa pa kuitua. Alikuwa anasema kweli. Watoto waliojaa sakafuni ni wajukuu wa akina mama walewale watatu. Hakuna aliyewaiba, sisi ndio tuliowazalia huko chini, kisha tukapanda Desemba kupiga kura ya maegesho.

"Sasa nikikurudishia," afisa akauliza, "maana yake inakuwa nini?"

Akamtazama katibu wake. Binti akatikisa kichwa. Hakuna aliyewahi kusikia isale limerudishwa.

"Maana yake hatujasameheana," mama akasema. "Tuko palepale tulipokuwa."

Akalichukua na chupa yake. Maji yakamwagika kwenye kiti cha gari langu.

Jirani alihama Januari. Mumewe alikuja na pikapu ya kuazima, wakapakia vitanda na jiko la gesi, na mama akaongeza mkungu wa ndizi juu ya magodoro japo nafasi haikuwapo.

"Bibi, nitakuwa nakuja Jumapili."

"Njoo. Lakini ng'ombe hakamuliwi Jumapili tu."

"Najua, Bibi."

"Nakutania. Nenda, watoto wasichelewe shule."

Hakuwa anatania, na wote wawili walijua. Nilimshikia mtoto mdogo wakati mama yake analia nyuma ya pikapu, halafu wakaondoka.

Jioni ile nilijaribu kukamua mimi. Ng'ombe alinitazama kwa mashaka yaleyale niliyozoea kuyaona kwa wahariri, akapiga ndoo teke. Tangu hapo analipwa mzee mmoja wa njia ya juu, naye anakuja akiumwa mgongo, asipoumwa sana. Kila siku mama anangoja kusikia hatua zake. Nilimwomba auze ng'ombe, ahamie kwangu Pasua. Aliniuliza kama Pasua kuna mahali pa kuzikwa.

Nikaandika yote hayo kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwa ukali ambao, nikiusoma tena, naona ni makala bora kuliko zote nilizowahi kuchapisha. Kaka yangu wa Dar alijibu haraka, kwa moyo mwema kabisa. Alisema ameongea na fundi. Zipo kamera siku hizi zinazotumia mwanga wa jua. Zitafungwa mbili, moja uani na moja kwenye zizi, na kila mmoja wetu atakuwa anamwona mama kwenye simu yake wakati wowote, popote alipo. Dada zangu wakaweka vidole gumba. Mmoja akaandika: "Teknolojia jamani, Mungu ni mwema."

Nilipanda nikamsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie pale pa zizi. Nikarudia.

"Hiyo kamera," akauliza, "itakamua?"

Niliupeleka ujumbe kwenye kundi kama alivyousema, neno kwa neno. Wakanijibu kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Jibu lenyewe hatujalipata, na jioni hii, mgongo wa yule mzee umekataa, ni mimi tena zizini, na ndoo.