Bawaba za Kaniki

Marcel hakuanza kutengeneza ndege kwa ajili ya mchezo. Mpunga wake, nje kidogo ya Kagongwa, ulikuwa umeanza kushika punje, na kwelea kwelea walikuwa wameshamaliza majaruba ya jirani. Yeye ni fundi wa redio na simu, mtu wa maneno machache. Alichonga mwili na mabawa kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni, akafunga mota ndogo aliyoagiza Mwanza, akapata ndege ya rimoti yenye umbo la mwewe. Iliporuka mara ya kwanza, kwelea waliinuka wote kwa pamoja, wakaondoka kama moshi.

Kilichomsumbua ni bawaba. Nyuma ya kila bawa kuna kibapa kinachopanda na kushuka, na mkiani kipo kingine. Hivyo ndivyo vinavyoigeuza ndege. Lazima vishikwe imara lakini vicheze. Utepe wa plastiki ulibanduka kwa jua. Nailoni ilikataa gundi. Kanga mpya ilikuwa na wanga, ikakakamaa. Ndipo shangazi yake Paskazia, mjane aliyeishi kwenye kibanda cha uani, alipokata ukingo wa kaniki yake ya zamani akampa.

"Hii imefuliwa mpaka imesahau ugumu," alisema.

Marcel alikata vipande vyembamba. Pale kitambaa kitakapojikunja alipaka nta ya mshumaa ili gundi isipenye, kisha akavibandika kwa kupishana: kimoja kutoka juu ya bawa kwenda chini ya kibapa, kinachofuata kutoka chini kwenda juu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukitazama kwa ubavu, vile vipande vyeusi vilikatana kama misalaba midogo. Kibapa kilicheza kama sikio la ng'ombe.

Kwetu kaniki ina kazi zaidi ya moja. Wanawake wazee huivaa, na waganga hushonea hirizi. Marcel alipokuwa akibandika, aliikumbuka kazi ile ya kwanza tu.

Jioni moja alibadilisha bawaba za mkia kwa haraka, maana mawingu yalikuwa yakikaribia na kwelea wamerudi. Alisahau nta. Gundi ikapenya kwenye mkunjo, ikakauka, na ndege ilipokuwa juu kibapa kikagoma. Ilikwenda moja kwa moja juu ya vichaka, sauti ikififia, mpaka mvua ilipoanza na hakuisikia tena.

Iliangukia kwenye zizi la Mabula, jirani wa upande wa pili wa mbuga. Asubuhi mota ilikuwa imezama kwenye samadi. Kilichoonekana ni bawa jeupe lenye vitambaa vyeusi vilivyokatana, na kando yake maksai wa Mabula, amekufa, miguu imenyooka. Maksai huyo alikuwa amevimba tumbo tangu juzi yake, lakini hilo halikusemwa na mtu.

Adam, kamanda wa sungusungu, aliita watu kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, wasikilize malalamiko ya Mabula. Marcel alikwenda na bawa jingine, gundi na mkasi, akatengeneza bawaba mbele yao. Wakashika, wakachezesha kibapa, mmoja akasema kumbe hata uchawi siku hizi unachajiwa. Watu wakacheka. Adam akasema yeye haoni kesi hapo.

Mabula hakucheka. Alisubiri kelele zitulie.

"Mashine nimeielewa," alisema. "Kitambaa ulikitoa wapi?"

Marcel alichelewa kujibu. Hakuchelewa sana, lakini kila mtu aliona.

"Ni changu," alisema Paskazia kutoka walikokaa wanawake. Akainua pindo la kaniki, pale palipokatwa. "Sina cha kuficha, mwanangu."

Tangu utoto wake Mabula alikuwa akimwita mayu, yaani mama. Siku hiyo hakumwita chochote. Aliyatazama macho ya Paskazia, mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote, na kwetu macho mekundu husemwa ni ya mchawi, akaondoka.

Baada ya hapo kisimani walimpisha Paskazia achote kwanza, wote wakirudi nyuma, na haikuwa heshima. Hakuna aliyekuja tena kuomba kaa la moto. Kisha mtu alikata ua wa miiba nyuma ya kibanda chake, nafasi ya kupita mtu mmoja. Marcel akaziba. Ikakatwa tena palepale. Alimsihi aende Segese kwa binti yake, Martina, mpaka maneno yapoe.

"Nikiondoka nimekiri," Paskazia alisema, na hakutaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Ndipo binti mdogo wa Mabula aliposhikwa na homa. Marcel alijua kitakachofuata mtoto akifa. Aliwasha pikipiki, akaingia kwa Mabula bila kubisha hodi, akaomba wampeleke hospitali. Mama wa mtoto ndiye aliyemfunga mgongoni akapanda. Ilikuwa malaria. Akatundikiwa dripu, na aliporudi nyumbani alikuwa anatembea mwenyewe.

Marcel alipumua. Alimwambia shangazi yake kwamba sasa yamekwisha. Paskazia aliendelea kumenya karanga.

Mabula alikuja mwenyewe, amebeba kuku. Aliamkia vizuri, akaketi.

"Nimekuja kushukuru. Mtoto amepona."

"Tumshukuru Mungu," Marcel alisema, "na madaktari."

"Madaktari walitundika maji tu." Mabula alielekeza kidevu kwenye kibanda. "Aliyefunga ndiye anayefungua. Mwambie nimeona kuwa anaweza kufungua. Wenzangu nao nimewaambia."

Hakuwa na hasira. Alimkabidhi kuku kwa mikono miwili, akaaga.

Paskazia alikuwa amesikia yote. Marcel alipoingia alimkuta akikunja nguo zake ndani ya shuka.

"Walipokuwa wananiogopa niliweza kukaa nao," alisema. "Wameshaanza kunishukuru. Nipeleke Segese leo, jua lisituchwee hapa."

Hakubishana naye. Walipita kando ya majaruba, kwelea wametanda juu ya mpunga, na Marcel hakupunguza mwendo.

Marcel alilala kwa Martina. Kesho yake aliporudi, nyumba yake mwenyewe haikuguswa, hata kifaranga hakikupotea. Kibanda cha uani kilikuwa majivu, bado yanafuka, na mabati ya paa yalikuwa yameangukia pale kilipokuwa kitanda.