Siku Niliyoitwa Mkaidi Njiani

Siku ya harusi yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, maana hata visigino vyangu bado vinaikumbuka. Nilikuwa nimenunua raizoni, vile viatu vya soli nene vilivyotutia wazimu sisi wasichana wa mtaa wa Mbotela miaka ya sabini. Shangazi yangu Kalunde aliniambia mara tatu nivivae nyumbani wiki nzima ili vilainike. Nikamjibu kwamba viatu vya harusi si vya kuchotea maji bombani. Sikia mdomo huo!

Asubuhi tukaenda kanisani kwa miguu, akina mama wakiimba, na watu wa bwana harusi, Waluhya wasiochoka kupiga vigelegele, wakitusindikiza. Hatujafika nusu ya njia, visigino vikachubuka vikatoka damu. Nikapiga hatua moja, nikasimama. Nikajaribu tena, nikasimama, machozi yananitoka.

Sasa fikiria, bibi harusi amegoma njiani analia, wakwe wanatazama. Nyimbo zikakatika. Mama mkwe akauliza kama ninaozwa kwa nguvu, maana kama sitaki, afadhali warudi kwao mapema. Nami yule kijana nilimpenda, jamani, nilimpenda kweli! Lakini aibu ilinifunga kinywa. Wifi mmoja akaviona viatu, akanihurumia, akasema maskini, hakujua kwamba viatu vipya huchubua.

Shangazi hakukubali nitetewe kwa uongo. "Alijua," akasema. "Asiyejua ni mjinga, na mjinga akiambiwa hushika. Huyu aliambiwa, akaelewa, akafanya lake. Huyo ndiye mkaidi. Lakini kumtaka mume, anamtaka. Mwulizeni."

Wakaniuliza. Nikasema, Jogoo Road nzima ikisikia, kwamba namtaka, na kwamba ndiyo, mimi ni mkaidi. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu, akasema kwake wapo wengi, nitapata wenzangu. Shangazi akavua akala zake, vile viatu vya tairi vya soko la Kariokor, akanivisha, yeye akatembea peku. Nikafunga ndoa nimevaa akala chini ya gauni jeupe.

Mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu lilipona siku ile. Basi neno hili, mkaidi, usilitupe ovyo. Mtoto anayeuliza kwa nini, usimwite mkaidi. Anayeshikilia haki, huyo ana msimamo. Mkaidi ni aliyeambiwa akaelewa, akakataa kwa sababu tu wazo halikuwa lake. Ukijikuta ndiye, kiri upesi, kabla wanaokupenda hawajageuka kurudi kwao. Mungu akujalie sikio sikivu, na akuzungushie watu wasiochoka kukuambia.