Chumvi ya Majirani

Ilianza siku ya Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa majivu. Mama mudogo Masika, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, alitokea pembeni ya jiko na kikapu chake, akasema nimsindikize kuuzisha chumvi kijijini Kalunguta kwa sababu mwenzake wa kila siku alikuwa na homa.

"Miye?" nilimuuliza.

"Kuko Kavira mwingine hapa?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa niko na kumi na saba. Shule yetu ilikuwa imefungwa, walimu waliotoka mikoa mingine walikuwa wamekwenda zao, na mimi nilikuwa mtu wa haya: mgeni akiingia kwa mlango wa mbele, natoka kwa mlango wa jikoni. Kwenda kuuzisha kitu mbele ya watu nisiowajua niliona ni adhabu. Lakini mama mudogo hakuwa mtu wa kukataliwa. Nilinawa mikono, nikaenda kutafuta viatu.

"Bila viatu," alisema. "Viatu binasema uko na kitu."

Siku zile Butembo tulikuwa na chumvi lakini chakula hakuna. Depo za wachuruzi wakubwa zilikuwa na makufuli, malori ya Kasindi, kule mpakani, hayakupanda tena, na noti zilikuwa hazina maana, kwa sababu kila kundi la askari lililoingia lilikataa zile za kundi lililotoka. Chumvi ilifika kidogo kidogo kutoka mpakani, migongoni mwa watu. Kule Kalunguta walikuwa na maharagi na muhogo, lakini walikula bila chumvi. Donc basi, mtu wa mji alipeleka chumvi na kurudi na maharagi. Kazi yenyewe ilikuwa kufika na kurudi mzima.

Mama mudogo hakubeba ya kwetu peke yake. Kila jirani alimpa chumvi imefungwa ndani ya kipande cha kikwembe chake: chenye picha za samaki cha mama Katungu, chekundu cha mke wa fundi cherehani, na vingine. Jioni maharagi ya kila nyumba yalirudi katika kitambaa kilekile. Hivyo hakuna aliyegombana na mwingine, na vita vilikuwa vimeshagombanisha watu wa kutosha.

Tulitoka watu watatu, sisi na jirani yetu Kahindo, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Tulifuata vijia vya mashamba, mbali na barabara. Kahindo alinicheka njiani.

"Huyu mutoto yako tangu nyumbani hajasema kitu. Atauzisha namna gani?"

"Hivyo njo muzuri," mama mudogo alijibu. "Weye unaongeaka mpaka mutu anajua hata ulikula nini jana. Huyu ni muchuruzi wa kuzaliwa."

Niliinamisha kichwa, lakini nilifurahi.

Kabla ya kuingia kijijini wote wawili walishusha vitambaa vyao vya kichwa mpaka karibu na nyusi. Mama wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, na kamba yake hupita juu ya paji la uso. Ukibeba hivyo tangu utoto, kamba inachimba mfereji mdogo usiofutika. Zamani ulikuwa alama ya mwanamke wa kazi. Wakati ule askari waliutafuta, kwa sababu walihitaji watu wa kubeba vitu vyao. Mimi, mtoto wa shule, paji langu lilikuwa laini.

Tulibadilishia kwa mjane mmoja mzee, nyuma ya vichanja vya kahawa ambayo hakuna aliyeinunua tena. Vitambaa vya majirani tulivificha chini ya rundo la maganda ya maharagi. Cha kwetu mama mudogo alinifunga kiunoni, ndani ya nguo. Mbele yetu tuliweka kikombe kimoja kimoja cha chumvi, basi.

"Basoda bakikuya," alinieleza juu ya askari, "batakamata hiki kikombe na roho yabo itatulia. Na weye hapana angalia kule kwa maganda. Ukiangalia, umeshabaonyesha."

Jua lilikuwa juu wakati watu wa kijiji walipoanza kukimbia. Mjane hakuweza kukimbia. Kahindo alikuwa ananyonyesha, na sisi hatukuwaacha.

Waliingia kwa upande wa vichanja. Hatukujua tena askari gani ni wa nani.

Vikombe vilikwenda kwanza, kama alivyosema.

Roho zao hazikutulia.

Koporali wao alikuwa mtu wa mbali, alichanganya Kiswahili na Lingala. Alimpita mjane. Alinitazama, akanipita. Akavuta kitambaa cha mama mudogo kwa ncha ya fimbo, kikaanguka.

"Mama, ulikuwa unaficha carte d'identité yako?" Wenzake walikicheka kile kitambulisho cha pajini. Akavuta na cha Kahindo. "Na huyu iko na yake. Simameni. Kuko mizigo ya kufikisha Beni."

Mtoto wa Kahindo alianza kulia. Kahindo, aliyekuwa akiongea njia nzima, alimbana tu kifuani.

"Shefu," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena.

"Nani huyo?"

"Ni miye. Niko na chumvi."

"Chumvi tulishakamata."

Nilifungua kitambaa kiunoni. Chembe zingine zilimwagika, na mmoja wa wale askari aliinama akaziokota na kuzilamba. Hapo nilielewa kwamba hata wao walikuwa hawajala chumvi siku nyingi. Koporali alichovya kidole, akaonja.

"Mungwa ya malamu," alisema. Chumvi nzuri. "Unataka nini?"

"Bamama babili."

"Kwa hii?" Alikipima kitambaa kile mkononi, taratibu, kama mchuruzi yeyote wa sokoni. "Moja. Chagua."

Macho yangu yalitaka kwenda kwenye maganda. Niliyakaza kwenye vifungo vya shati lake.

Mama mudogo alinisemesha kwa Kinande, lugha yetu, sauti ya chini, ya mtu anayeaga. Alisema chumvi zile nyingine ni za watu, nisizitoe.

"Anasema nini?"

"Anasema nisalimie mama yangu."

Halafu mama mudogo akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Ni Kahindo anabakia. Iko na mutoto. Mutoto akilia njiani, itabasumbua."

Koporali alimsukuma Kahindo pembeni. Mama mudogo aliokota kitambaa chake, akakikung'uta vumbi, akakifunga vizuri, ingawa hakukuwa tena na cha kuficha. Walikwenda naye kwa njia ya Beni. Hakugeuka.

Hatukumwona tena. Baadaye mwanamke mmoja wa mtaa wa Beu, kule Beni, alituambia kwamba aliona wabebaji wakipita mbele ya nyumba yake, wanawake kati yao, lakini hakutazama nyuso kwa sababu aliogopa. Ni hiyo tu tuliyo nayo.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu yale maganda. Labda chumvi ya majirani ingemrudisha. Labda koporali angeichukua yote, na Kahindo pia, na nyumba ya mjane ingechomwa. Mtoto wa Kahindo sasa anakimbia, anakuja kwetu kuomba muwa. Nikimwona nafurahi, kisha nakumbuka ni nani hayupo, na furaha inabaki palepale bila kuisha na bila kuendelea.

Askari walipotoweka, mjane alituletea maji. Halafu alisema, "Si mutoe basi ile chumvi," na kweli tulifukua vitambaa na kubadilisha kama tulivyokuja kufanya, kwa sababu majirani walikuwa wanangoja kula. Tulifika Butembo giza likiingia. Mama alituona wawili mlangoni.

Kesho yake asubuhi nilichukua kikapu na kwenda kurudisha vitambaa. Mama alitaka kwenda yeye, lakini hakuweza kusimama. Kwa hiyo nilipita mimi, mlango kwa mlango, na kila mlango walimtafuta mama mudogo nyuma yangu, na kila mlango nilisema kwa sauti ya kusikika: "Hii ni maharagi yenu. Mama mudogo hakurudi, basoda balimukamata."

Mke wa fundi alilia. Mwingine alishukuru, akafunga mlango haraka.

Mama Katungu alipokea kitambaa chake cha samaki, akakiinua kidogo kusikia uzito.

"Yangu ilikuwa kule wakati banamukamata?"

"Ilikuwa kule."

"Juu ya nini hukutoa?"

"Alikataa. Alisema ni ya batu."

Maharagi yalikuwa bado mikononi mwake, na watoto wake walikuwa wamesimama nyuma wakiyatazama.

"Ungetoa yangu," alisema.

Nilipandisha kikapu, nikaenda kubisha mlango uliofuata.