Nakala Safi za Barua za Norwei

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa Kiingereza nilifika shuleni saa nzima kabla ya kengele, nikiwa nimevaa viatu vizito vya karakana kwa sababu sikuwa na vingine. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya madini. Kampuni ilipoanza kupunguza watu, stoo yangu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungwa. Kiingereza nilijifunza humohumo, peke yangu, kwa kusoma vitabu vya maelezo ya pampu na vipuri, nikisaidiwa na kamusi iliyochanika kurasa za mwisho. Diploma ya ualimu sikuwa nayo. Shule hiyo, iliyokuwa kwenye barabara ya Kasapa, ilinichukua kwa kuwa mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa amekwenda Zambia kutafuta mshahara na hakurudi.

Mkuu wa shule ya sekondari kwetu huitwa prefe. Prefe wa Kasapa alinipa barua moja ya Kiingereza niisome mbele yake. Nilisoma, nikatafsiri, kisha nikamwonyesha mahali mwandishi mwenyewe alipokosea. Prefe akaikunja barua yake.

"Weye utabasumbua batoto," akasema. "Lakini batajua."

Nilikaa pale miaka sita nikifundisha kwa chaki na kwa redio ndogo ya betri. Kisha nikahamia shule ya Makomeno, na huko ndiko nilikofanya kazi ninayotaka kuieleza. Prefe wa huko alikuwa mwanamke, nasi tulimwita Mama Prefe. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Alipokuwa msichana, familia yake ilifukuzwa mjini pamoja na wengine wa asili hiyo, ikarudi baada ya miaka kadhaa na kukuta nyumba yao ina watu. Alikuwa mtu wa haki, lakini hakupenda shule yake ijulikane kwa jambo lolote isipokuwa masomo.

Alikuwa amepata uhusiano na shule moja ya mji mdogo wa Norwei. Wanafunzi wa huko nao walikuwa wanajifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, kwa hiyo hakuna upande uliokuwa na lugha yake ya nyumbani. Kila mwanafunzi wetu alipewa mwenzake mmoja. Barua zilikwenda mara mbili kwa mwezi kupitia ukurasa wa pamoja, yaani mahali kwenye mtandao ambapo shule zote mbili ziliweza kuweka maandishi na picha kwa neno la siri. Mama Prefe aliponikabidhi neno hilo alinipa na masharti.

"Prof, hakuna politike, hakuna kuomba, hakuna magonjwa. Bale bantu basisome mateso yetu. Basome Kiingereza yetu."

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mwanafunzi aliandika rasimu kwenye karatasi ya daftari, kwa sababu shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kisha nilichapa nakala safi, nikaiweka kwenye flashi, na Jumamosi nikaenda mjini kwenye siberi, duka la mtandao karibu na benki, nikazipandisha barua zote. Majibu niliyashusha na kuyachapisha kwenye karatasi. Nakala safi nilizitunza kwenye mafaili kwa mpangilio wa majina, kama nilivyokuwa nikitunza kadi za vipuri. Rasimu zilizokwisha kuchapwa nilizitumia nyumbani kuwashia moto wa mbabula, jiko letu la makaa.

Njia hiyo ilifanya kazi. Watoto waliokuwa wakiogopa kutamka sentensi moja walianza kubishana kwa Kiingereza. Wakati mwenzao mmoja alipoeleza kwamba kule kwao wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi, kijana mmoja nyuma ya darasa akasema, "Kumbe bo banakatiwa jua, vile sisi banatukatia umeme." Darasa zima likaandika jambo hilo kwenye barua zao, na Norwei wakacheka nao. Mwalimu wa upande wa pili aliniandikia kwamba anashangaa jinsi wanafunzi wangu wote wanavyoandika kwa sauti moja ya utulivu. Nilimsomea Mama Prefe sentensi hiyo. Sote wawili tuliipokea kama sifa.

Mwanafunzi wangu bora aliitwa Masika. Baba yake alikuwa Mnande kutoka Butembo, mfanyabiashara wa jumla mwenye malori mawili yaliyoleta unga na maharage kutoka mpakani. Masika alikuwa na miaka kumi na sita, mwandishi mfupi na sahihi. Mwenzake wa Norwei alikuwa msichana aliyeitwa Marit.

Kisha hali ya mji ikaharibika. Uchaguzi uliahirishwa, ukaahirishwa tena. Walimu tulikaa miezi bila kulipwa, na wazazi waliotulipa sehemu ya mshahara nao walikuwa wameachishwa kazi. Kukawa na maandamano, na kila yalipotangazwa mtandao ulikatwa, mara siku tatu, mara zaidi. Watu walichukuliwa majumbani. Kwenye siberi walianza kukaa wanaume wawili ambao hawakutumia mashine yoyote. Mwenye duka alininong'oneza kwamba ameagizwa kuonyesha kinachoandikwa.

Baada ya juma moja la maandamano shule zilifunguliwa tena, na Masika akaniletea rasimu ya kurasa mbili. Ilieleza kwamba baba yake amechukuliwa. Mtu fulani alisema lori lake lilibeba waandamanaji. Wanaume wanne walikuja asubuhi kwenye dipo, ghala lake la bidhaa, na Masika peke yake ndiye aliyekuwa naye. Aliandika saa, rangi ya shati la baba yake, aina ya gari na namba yake. Mwishoni alimwomba Marit aiweke barua hiyo mahali pazuri asiipoteze.

Nimejiambia mara nyingi kwamba niliogopa. Nilikuwa na sababu za kuogopa: wale wanaume wawili, Mama Prefe, watoto wengine wote wa darasa. Lakini nataka kueleza mambo kwa utaratibu yalivyotokea. Hofu ilikuja baadaye. Nilipoanza kusoma, kalamu ilikuwa tayari mkononi, na nilianza kusahihisha kama siku zote. Nilizungushia duara makosa ya ukurasa wa kwanza. Nilipofika kwenye gari nilikumbuka masharti, nikapiga mstari wa kufuta. Nikapiga na mistari iliyofuata. Jumamosi nilipandisha barua iliyosema kwamba baba yuko safarini kwa kazi na familia yote ni nzima. Rasimu ilikwenda mahali zilikokwenda zote.

Jibu lilipokuja, Marit alieleza habari za mbwa wake na akauliza Masika anapenda chakula gani. Masika alisoma akiwa amesimama, akaikunja karatasi.

"Prof, barua yangu ilifikaka?"

"Ilifika."

"Basi iko muzuri."

Nilidhani ataumia kwa kuona mwenzake hakusema neno juu ya baba yake. Hakuumia. Aliendelea kuandika barua za kawaida, za chakula na za mvua, na mimi nikaona kwamba mtoto ameanza kupoa. Ukweli niliujua baadaye sana: alifikiri Marit ana akili, ananyamaza makusudi ili asimletee hatari.

Mwisho wa mwaka ule tulifanya mazungumzo ya picha na sauti, yale ya kuonana kwenye skrini. Tulikodi jenereta ndogo, tukaiweka uani ili isitufunike kwa kelele. Kila mwanafunzi alikuwa na dakika mbili. Sauti ilichelewa kufika, kwa hiyo niliwafundisha kuuliza swali moja kisha kungoja. Masika alikaa mbele ya kompyuta na kuuliza, kwa Kiingereza kilichonyooka, iwapo ile barua ndefu Marit bado anayo. Tukangoja. Marit akacheka na kusema anazo zote, kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Masika akamshukuru na kumpisha mwenzake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kompyuta nikiangalia saa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaita jina lililofuata.

Uhusiano ule ulidumu mwaka mmoja zaidi. Mwalimu wa Norwei alihama, ukurasa wa pamoja ukafungwa, na shule yetu ikabaki na madarasa matatu. Mama Prefe alikwenda kuishi kwa mwanawe Kolwezi. Mimi niliacha kazi mapema kuliko nilivyopanga, nikiwa na miaka hamsini na saba, kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kunilipa. Nyumbani Makomeno nilianza kuwafundisha madereva wa malori Kiingereza cha mpakani. Baba yake Masika hakurudi.

Masika alikuja kwangu mwaka jana. Sasa ni mama wa mtoto mmoja na anaendesha dipo la familia pamoja na mama yake. Hakutaka kukaa sana. Alikunywa maji, akaniuliza habari za macho yangu, kisha akasema kilichomleta.

"Niko na shida moja tu, Prof. Kuko wakili anaandika majina ya bantu benye balipotea. Anauliza namba ya ile gari. Mi nilisha kuisahau, na mama alichoma makaratasi yote ile wiki. Lakini namba iko kwa Marit. Nilimutumia juu isipotee. Ubaandikie tu bale ba Norwei."

Alisema maneno hayo bila wasiwasi wowote. Kwa miaka yote hiyo aliamini kitu kimoja cha siku ile kiko salama.

"Masika," nikasema, "namba haiko kwa Marit."

"Aliitupa?"

"Haikumfikia. Mimi niliikata."

Nilimweleza kwa mpangilio: masharti ya Mama Prefe, kalamu, wanaume wa siberi, mbabula. Nilipomaliza aliuliza kama ninayo ile barua niliyotuma badala yake. Ninayo, kama zote. Nililitoa faili, nikampa karatasi. Aliisoma polepole hadi chini, palipoandikwa jina lake.

"Hii Kiingereza iko muzuri sana, Prof," akasema.

Aliirudisha juu ya meza, akachukua mkoba wake. Mlangoni alinitajia mtaa ilipo ofisi ya wakili na siku anazopokea watu, kisha akaenda.

Ninyi mnaofundisha leo mna simu mfukoni, na mwanafunzi wenu anaweza kuongea na mtu wa bara jingine akiwa kitandani kwake. Mnauliza wazee wa kazi tulifanyaje bila vitu hivyo, na nimewaeleza kwa uaminifu, kwa sababu njia ile ilifundisha Kiingereza. Ninalowaomba ni dogo. Tunzeni rasimu, na makosa yake yote. Kama barua haiwezi kwenda jinsi ilivyo, mrudishieni mtoto mkononi na mwambieni kwamba haikwenda, ili atafute mahali pengine pa kuweka alicho nacho. Mimi nilihifadhi mamia ya kurasa na hakuna hata moja iliyoandikwa na mwanafunzi.

Jumatatu iliyofuata baada ya Masika kuja kwangu, nilikwenda mjini kwa wakili. Masika na mama yake walikuwa wameketi kwenye benchi la ukutani. Niliwasalimu, mama akaitikia. Wakili aliniuliza nakumbuka nini. Nilijiandaa kwa swali hilo siku nne. Nilikumbuka karatasi yenye mistari ya bluu. Nilikumbuka kwamba ukurasa wa kwanza ulikuwa na makosa matatu, na niliweza kuyataja yote. Rangi ya shati sikuikumbuka. Namba ya gari nilidhani inaanza na nne na saba.

"Unadhani ao uko na hakika?" akauliza wakili.

Masika aliinua uso akanitazama. Nilisema sina hakika. Wakili aliandika jina langu, kazi yangu ya zamani na maelezo yangu, na penye namba ya gari akaacha nafasi wazi.