Siku Atupele na baba mkwe wake walipokutana kwenye kikao chetu cha Alhamisi, Mpuguso

Wakuu wa humu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia, na wazee wenzangu nawasalimu.

Naandika kwa kidole kimoja na shule yangu ni ya kuungaunga, kwa hiyo herufi zikikaa vibaya nivumilieni. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu.

Juzi kijana mmoja kaweka uzi humu kwamba vikundi vya akina mama vijijini kazi yao ni chai na umbea. Nikacheka peke yangu. Huyu hakupata kukaa kwenye kikao chetu.

Nianze na waliokuwepo, maana mimi siwezi kusimulia bila majina.

Alikuwepo Mama Lusajo, mwenyekiti wetu. Ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Akikohoa tu mlikuwa mnanyamaza.

Alikuwepo Bi Zuhura, mke wa fundi Shomari. Fundi ni mzaliwa wa Bagamoyo, hii ya Tukuyu mjini, siyo ile ya baharini. Mkewe alimtoa Kilwa akamleta kwenye mvua zetu, na siku zile alikuwa bado mgeni. Kikao tulikaa kwenye chumba cha fundi, katikati ya vyerehani na mabelo ya mitumba.

Walikuwepo Bupe na Tumwagile, ndugu wa tumbo moja, wenye mabega ya kubebea machela.

Na mimi Tusekile.

Halafu kuna wawili ambao hawakutakiwa kabisa kuwa ndani ya chumba kimoja. Mzee Ambakisye, na Atupele, mke wa mtoto wake Gwamaka.

Kwa wasiojua mila zetu Wanyakyusa: zamani mwanamke alikuwa hakutani macho na baba mkwe wake. Hamtazami, hamwamkii, jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani anatoka, anaingia kwenye majani mpaka mzee apite. Huko siyo kumchukia. Ndiyo heshima yenyewe. Sisi Wakristo wengine tulikuwa tumeanza kulegeza, lakini nyumba ya Mzee Ambakisye haikulegeza hata kidogo.

Sasa kikundi chetu.

Hatukuwa na jina, watu walituita akina mama wa Alhamisi. Kila wiki tulikaa tukaulizana nani mgonjwa, nani kajifungua, nyumba ya nani inavuja. Tukigawana kazi tunaondoka. Tulifungua kwa sala, Bi Zuhura anafunga kwa dua yake. Mungu hakuwahi kulalamika.

Kazi yetu kubwa ilikuwa machela. Fundi Shomari alitushonea kwa turubai chakavu, sisi tukatafuta mianzi. Mgonjwa akizidiwa huko bondeni tunampandisha mpaka barabarani, hapo ndiyo unategemea gari. (Msiniulize bodaboda. Siku zile pikipiki ilikuwa ya padri.)

Na shida ilianzia hapo hapo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yamejaa, sabuni unachagua mwenyewe, na malori ya wanunuzi binafsi yanakuja kufuata ndizi mpaka mlangoni. Kila mtu akapanda migomba mpaka mahali pa kuanikia nguo. Mzee Ambakisye akapanda mpaka juu ya njia ya zamani iliyopita shambani kwake. Njia ikafa. Machela ikawa inazunguka kwa chini, kwenye utelezi, kupandisha upya kilima.

Nani aliumia? Atupele. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, tukazunguka naye. Mimi nilishika mwanzi wa mbele kushoto, Bupe kulia. Tulifika barabarani mtoto keshatoka, na hakulia.

Mzee aliambiwa tu kwamba mtoto hakukaa. Nani angemweleza zaidi? Habari za uzazi wa mke wa mwanao huambiwi. Gwamaka mwenyewe alimwogopa baba yake. Kwa hiyo mzee akaendelea kuuza ndizi, na sisi tukaendelea kuzunguka.

Basi Mama Lusajo akamwalika kikaoni tumwombe njia. Atupele alikuwa bado hajarudi kwenye kikundi tangu amzike mtoto, hatukumtegemea.

Mzee akafika, kavaa koti lake la mvua. Bi Zuhura, kwa ukarimu wa kwao, akampa kiti kizuri kinachotazama mlango.

Mama Lusajo akamwomba vizuri. Mzee akacheka.

"Njia! Kwani miguu yenu imekatika? Ile ya chini ina ubaya gani?"

"Ina utelezi, baba. Mgonjwa anachelewa."

"Mnataka nikate migomba inayosomesha watoto kwa sababu akina mama mnaogopa utelezi? Hebu niambieni, hiyo machela yenu imechelewa na nani?"

Bupe akatazama miguu yake. Mimi nikajifanya naokota sindano.

Wakuu, wakati huo huo mlango ukasukumwa. Atupele huyo, na kikapu cha ndizi kichwani. Kaamua leo arudi kazini.

Kikapu kilianguka. Mzee akaruka kwenye kiti, akageukia ukuta, akavuta koti mpaka kichwani. Atupele kageuka atoke, na Bi Zuhura, masikini, kamdaka mkono.

"Unakimbia nini, mwanangu? Njoo umwamkie baba. Huku si kwenu?"

"Niache, dada Zuhura! Niache!"

"Shikamoo moja tu itakuua?"

"Mwee! Zuhura, mwachie!" Mama Lusajo akapiga kelele. "Umetumaliza leo!"

"Nimefanyaje jamani? Kwetu mkwe ni mtoto!"

Atupele akachomoka. Tukabaki na ndizi sakafuni na mzee amefunikwa kama gunia. Tumwagile akaanza kucheka, akauma khanga ili asisikike. Mimi nilijua kikao kimekufa na njia imekufa nayo.

Halafu tukasikia sauti dirishani, kwa nje.

"Dada Zuhura."

Alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesimama chini ya dirisha, kwenye manyunyu.

"Dada Zuhura, wewe siyo wa huku. Wewe unaweza kusema naye. Mwambie mgeni maneno yangu."

Mama Lusajo akatundika khanga dirishani haraka. Bi Zuhura akasimama katikati, mara atazame dirisha, mara atazame mgongo wa mzee.

"Mwambie machela ilichelewa na mimi."

"Baba, anasema machela ilichelewa na yeye."

Mzee hakutikisika. Alikuwa amesikia ya kwanza, na ya pili. Ila ya kwanza haikuwa yake kuisikia.

"Mwambie tulifika kwenye migomba yake tukakosa pa kupita. Wenzangu wakageuka kwa chini."

Bi Zuhura akasema.

"Mwambie mtoto alikuwa hai tulipogeuka. Alikuwa anacheza tumboni. Nilimsikia."

Hapo Bi Zuhura akafungua mdomo, neno halikutoka. Alijaribu tena. Machozi yakamshinda, akashika meza ya cherehani.

 

Mzee akasema, uso bado ukutani, taratibu:

"Mwambie nimesikia."

Baadaye kidogo:

"Mwambie migomba ni yangu. Na yule mtoto alikuwa wangu pia."

Akauliza, "Mama Lusajo, machela inataka upana gani?"

"Machela yenyewe na mbebaji kila upande, baba."

"Haitoshi. Ongezeni. Mkwe wangu akinikuta humo njiani, apite pembeni pakavu. Asiwe anaingia kwenye umande kila siku kwa ajili yangu."

Nimezeeka, wakuu, nimesikia hotuba za wakubwa wengi waliokuja Tukuyu kwa magari. Sijasikia ya kuizidi hiyo.

Alhamisi iliyofuata hatukukaa, tulikata. Mzee na Gwamaka wakaanzia juu, sisi akina mama na Atupele tukaanzia chini. Mama Lusajo alikuwa anakwenda katikati kutazama kama trafiki, ili wawili wale wasije wakatokeana. Migomba mingine ilikuwa na mikungu bado, tukaila yote wiki hiyo, hadi watoto wakalia wanataka ugali.

Ikabaki shina moja katikati. Tukasikia panga la juu limenyamaza. Mzee kaondoka, katuachia.

Mama Lusajo akampa Atupele panga. Alilikata mwenyewe hadi likalala. Bi Zuhura akapiga kigelegele cha pwani, sisi tukajibu kwa cha kwetu.

Wa kwanza kupandishwa kwenye njia ile alikuwa Tumwagile mwenyewe, na mtoto alilia tukiwa bado tunashusha machela. Mimi sikuona aibu, nilikaa chini barabarani nikalia naye.

Atupele alipata wengine baadaye. Wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu yake kama ilivyo desturi, kwa hiyo mama yake hajawahi kumwita kwa jina mpaka leo. Anamwita "Wewe mkubwa". Yupo Mbeya, ana duka la vipuri.

Mzee alifariki, Mama Lusajo naye. Siku ya msiba wa mzee jeneza lilipita njia hiyo hiyo, na Atupele alitembea pembeni yake, pakavu.

Siku hizi bodaboda zinapishana humo na vijana wanadhani ni barabara ya halmashauri. Ni ya akina mama wa Alhamisi. Hatukuomba kibao.

Nilichojifunza: mila haikutuziba mdomo. Tulichokosa siku zote zile ni mtu wa kusimama katikati, na Mungu alituletea kutoka Kilwa. Nanyi mnaodharau vikao vya mama zenu, siku moja kaeni nje ya dirisha msikilize.

Haya, semeni na ninyi. Kwenu huko mkwe na baba mkwe wanaishije? Na kama humu yupo mtoto wa Bupe, wa Tumwagile au wa fundi Shomari, anisahihishe pale nilipokosea. Labda khanga ya dirishani ilikuwa kitenge. Labda Bupe ndiye aliyeshika mwanzi wa kushoto.

Ila upana wa njia msinisahihishe. Huo nendeni mkaupime wenyewe.