Mshonaji Aliyeishusha Baiskeli Ukutani

Haya yalitokea mwaka ule daraja la mtoni lilipovunjika. Hapana, nasema uongo. Daraja lilivunjika mwaka uliotangulia, maana wanawake walikuwa tayari wanapita juu ya lile jipya la mbao, na mbao zilipiga kelele tairi zikikanyaga. Basi ni mwaka uliofuata. Mwaka naweza kuukosea, watu siwakosei.

Mtu mwenyewe ni mshonaji nguo, mjane, aliyekuwa na chumba chenye mlango wa bluu mkabala na banda langu la kutengenezea baiskeli. Tulimwita Dada Sindano: mfupi, mwembamba, mnyoofu, na ukimshika vibaya anakuchoma. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa dirishani ipate mwanga. Ukutani, nyuma ya nguo za wateja, ilining'inia baiskeli ya marehemu mumewe. Miaka mitatu ilikaa juu ya misumari miwili. Waliokuja kupimwa nguo walitundika mikoba yao kwenye usukani, kwani ulikuwa na kazi gani nyingine?

Asubuhi moja akaingia bandani akiisukuma, tairi zimelegea kama soksi za zamani.

"Fundi, nataka itembee."

"Nani ataiendesha?"

"Kwani umeona nimekuja na nani?"

Nikaanza kazi. Nilipochomoa chuma kinachobeba siti niliona alama mbili. Moja iko juu, hiyo najua ni ya marehemu, alikuwa mrefu kama mlingoti. Nyingine iko chini kabisa, imeliwa na kutu, ya zamani kuliko ile ya juu. Nikaishusha siti mpaka hapo chini. Dada Sindano alipokaa, ilimkaa kama nguo iliyopimwa. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshauliza swali moja la kijinga siku hiyo.

Aliyemtia moto alikuwa nesi wa zahanati. Nesi alikuwa akikusanya wanawake kila Jumapili asubuhi. Wanatoka kwa baiskeli, wanapita mashambani, wanatokea pwani kwenye mnara wa taa, wanakaa juu ya mawe, wanakula walichobeba, wanarudi. Hawakuwa wanashindana, hawakuwa wanatangaza kitu. Wanaenda tu. Hilo "tu" ndilo lililowawasha watu. Mwanamke akienda kuchota maji, sawa. Akienda sokoni, sawa. Lakini aende mpaka baharini na kurudi bila ndoo wala kikapu? Wanaume wa benchi la kinyozi wakawa wanawapigia kelele: "Wazururaji hao!"

Dada Sindano alipojiunga, wakatimia kumi na mmoja pamoja naye. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwashonea wote fulana, na mgongoni, kwa kitambaa chekundu, neno WAZURURAJI.

"Sasa wapumzishe koo," akasema. "Wasome."

Kuendesha kulimtesa. Baiskeli ile ya zamani breki yake haikuwa mkononi, ilikuwa kwenye pedali: ukikanyaga kurudi nyuma, gurudumu linakamata. Na mtu aliyekanyaga cherehani miaka ishirini, mguu wake una tabia zake: kidole, kisigino, kidole, kisigino. Akizungusha nusu duara, mguu unarudi nyuma wenyewe, baiskeli inasimama ghafla, naye chini. Mara sita asubuhi moja, katika kiwanja cha nyuma ya zahanati.

"Dada, hushoni suruali hapo!" Nesi akamwambia, mbavu hana kwa kucheka. "Zungusha!"

"Miguu haisikii!"

"Iambie pindo bado refu!"

Alikwenda nyumbani magoti yamechubuka. Kesho yake alikuwa kiwanjani kabla ya jua. Jumapili ya tatu miguu ikakubali kwamba ina kazi mbili.

Nesi alikuwa na sheria moja. Anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita. Hivyo hakuna aliyeachwa njiani akilia na mnyororo uliokatika. Mimi nilifuata nyuma kabisa, na pampu na viraka. Kinyozi aliuliza mbona mwanaume yumo. "Huyu si mwanaume," Nesi akamjibu, "huyu ni pampu." Sikukasirika. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi na watu ambao sikuwasaidia kitu.

Habari zikamfikia shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mtu mnene, funguo zinalia kiunoni hata akiwa amekaa. Alikuja Alhamisi. Mimi nilikuwa pale nikingojea kaptula yangu itiwe kiraka.

"Shemeji, nimesikia habari."

"Nzuri au mbaya, shemeji?"

"Mke wa ndugu yangu yuko barabarani juu ya chuma kama tarishi."

"Tarishi ametumwa. Mimi sijatumwa na mtu."

"Si mzaha huu. Baiskeli ni ya marehemu, ni ya ukoo. Ama irudi ukutani, ama niichukue."

Alikata uzi kwa meno kwanza. "Miaka mitatu ilikuwa ukutani, na hakuna wa ukoo aliyekuja hata kuipangusa vumbi. Ukutani hairudi, shemeji. Misumari nimeshaing'oa."

"Basi Jumapili nakuja kuichukua."

"Jumapili ina safari. Ukija, uje mapema."

Akatoka. Cherehani ikaanza kulia tena, kwa kasi kuliko kawaida, na aliposimamisha tukaona ameushona mguu mmoja wa kaptula yangu mpaka ukafungika kabisa, huwezi kupitisha hata kidole. Miaka yote sikuwahi kumwona akikosea hivyo. Akaanza kufumua.

"Fundi," akasema bila kuinua macho, "nikiachia hii, kesho watakumbuka kwamba cherehani nayo ni ya ukoo. Keshokutwa chumba."

Jumapili shemeji alikuja mapema kweli. Alitukuta mbele ya zahanati, wanawake wamevaa fulana zao, wanapimiana tairi kwa vidole. Hakusalimu. Akaushika usukani.

"Ichukue," Dada Sindano akasema. "Lakini ipande kama mwenye mali."

"Mimi mtu mzima. Nitaisukuma."

Akaanza kuisukuma kuelekea kwa mama yake, mwisho wa mtaa. Dada Sindano akashika keria kwa nyuma, akawa anatembea nayo. "Sijaiachia," akasema. Wengine wakamtazama Nesi, na Nesi akatazama saa yake.

"Jamani, leo anayekwenda polepole kuliko wote ni nani?"

Wakaelewa. Baiskeli kumi zikajipanga nyuma ya shemeji, moja moja, kwa mwendo wa mtu mnene anayesukuma. Aliyewahi kuendesha polepole anajua kazi yake: usukani unayumba, mapaja yanawaka. Hakuna aliyeweka mguu chini. Akiongeza mwendo, wanaongeza. Kila funguo zikilia mbele, kengele kumi zinaitikia nyuma.

"Nipiteni!" akafoka.

"Sheria hairuhusu," Nesi akasema. "Leo wewe ndiye kiongozi wetu."

Tulipofika kwenye benchi la kinyozi, wale waliokuwa wakizomea wakasimama wote. "Bwana Stoo! Kumbe na wewe umejiunga? Fulana yako iko wapi?"

"Nitampima leo hii," Dada Sindano akajibu. "Kifuani itaingia mita mbili."

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake akikunja shuka zilizokauka. Ni bibi mfupi, wa kimo kilekile cha Dada Sindano. Aliona mwanawe jasho linamtiririka, na nyuma yake mstari mrefu wa wanawake.

"Mama, nimekuletea baiskeli ya mwanao."

"Nilikutuma?"

"Ni ya ukoo, mama."

"Huo ukoo nimeuzaa mimi, na sikumbuki kukutuma."

Akaweka shuka chini, akaizunguka baiskeli, akaibonyeza siti kwa kiganja. "Nani kaishusha?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Umeiweka pake." Akamgeukia Dada Sindano. "Mkwe wangu, panda. Unawachomesha wenzako jua. Na wewe baba, njoo ushike upande huu wa shuka, peke yangu hazikunjiki."

Shemeji akamtazama mama yake, akatutazama sisi, akashika upande wa shuka. Dada Sindano alipanda palepale, mbele ya mlango wa wakwe zake, akazungusha pedali duara kamili, na hakurudi nyuma hata nusu kidole.

Tulichelewa kufika pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, mawe ya mnarani makavu. Njia nzima Dada Sindano alitangulia, wala si kwa sababu alikuwa wa polepole. Ile Jumapili Nesi aliisahau sheria yake, au alijifanya kusahau. Baiskeli haikudaiwa tena, na ukutani alitundika kioo kirefu, wateja wajione.

Lakini ile alama ya chini haikunitoka kichwani. Shemeji nilimuuliza, akatikisa funguo. Dada Sindano akacheka, akaniambia nijaze upepo. Siku moja yule bibi alipita bandani, na baiskeli ilikuwa imeegemea mlango. Aliendelea kutazama barabara, lakini kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye kengele, kikailiza mara moja. Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. Aliniambia nitie mafuta kwenye mnyororo, akaenda zake polepole, na mwaka uliofuata tukamzika. Nilikuwa nimemuuliza hivi tu: Mama, kabla ya mwanao, nani alikuwa akiipanda hii?